Goma: Windows ya kraki au Linux ya huria? Ndosho ubishi hauishi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa masahihisho ya usalama kwa Windows 10, sistemu iliyokuwa bado inaendesha mamia ya mamilioni ya kompyuta duniani. Ulaya na Marekani, magazeti yalitangaza tarehe hiyo miezi mingi mapema. Katika mtaa wa Ndosho, tarafa ya Karisimbi, upande wa magharibi wa mji wa Goma, siku hiyo ilipita kimya. Kuna mashini nyingi hapa ambazo masahihisho yake yalizimwa zamani, siku ile ile fundi alipoziwekea Windows, ili zisimalize mega za mwenyewe.

Hata hivyo habari ilifika, na pamoja nayo ukafufuka ubishi ambao mafundi na wanafunzi wa informatika wa Goma wanaujua vizuri. Unaanzia kwenye makundi ya WhatsApp, unahamia mbele ya vibanda vya matengenezo kando ya barabara ya kwenda Sake, kisha unarudi tena kwenye simu usiku. Upande mmoja wako wanaosema wakati umefika wa kuachana na Windows na kuweka Linux, sistemu ya huria isiyouzwa. Upande wa pili wako wanaojibu kwamba Linux ni mchezo wa watu wasio na kazi ya kumaliza, na kwamba mteja mwenye njaa ya kupata kazi kwenye ONG haulizi kode ya programu imeandikwa na nani.

Ni ubishi mkali. Watu huitana wajinga, wengine hutoka kwenye kundi kwa hasira. Mtu anayeusikiliza kutoka nje anaweza kufikiri ni mambo ya vijana wenye muda mwingi. Lakini nyuma yake kuna kazi za mwisho wa masomo zinazopotea, kompyuta zinazokufa kabla ya wakati wake, na pesa ambazo hazipo.

Sistemu, au mfumo wa uendeshaji kama wanavyosema watangazaji wa redio, ni programu ya kwanza kuamka unapowasha mashini. Ndiyo inayozungumza na kibodi, kioo, diski na printa, na programu nyingine zote hukaa juu yake. Windows ni mali ya Microsoft: kode yake, yaani maandishi ya ndani ambayo watengenezaji waliyaandika, imefungwa, na kila mashini inapaswa kuwa na leseni iliyolipiwa. Linux iko wazi. Yeyote anaweza kusoma kode yake, kuibadilisha, kuinakili na kumpa jirani bila kuvunja sheria.

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, na kwa sababu hiyo Wamarekani wamebishana miaka arobaini wakijaribu kueleza tofauti. Sisi hatuna shida hiyo. Kiswahili kina bure na kina huru, Kifaransa kina maneno yake mawili vilevile. Windows ya Ndosho ni ya bure lakini si huru. Linux ni huru, na kwa bahati ni ya bure pia. Na hapa ndipo ubishi wa Ndosho unapotofautiana na ule wa Paris au wa San Francisco. Kule watu wanachagua kati ya kulipa na kutolipa. Hapa karibu hakuna anayelipa. Ugomvi ni kati ya sistemu ya kraki na sistemu ya huria, na zote mbili mteja anazipata kwa dola chache anazomlipa fundi kwa kazi ya mkono wake.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Windows 11 ya nyumbani inauzwa na Microsoft dola 139, ile ya kazi dola 199. Kwa pesa hizo mtu anaweza kupata kompyuta nzima ya okazioni. Na hata mwenye dola hizo anahitaji kadi ya benki inayokubaliwa kwenye intaneti, katika mji ambao benki za biashara zilifunga milango tangu vita vilipoingia mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliposhika Goma. Watu wanaishi kwa pesa za mkononi na za kwenye simu. Kumwambia kijana wa Ndosho anunue leseni ni kumwambia apande ndege kwenye uwanja uliofungwa.

Basi kraki. Fundi ana flashi yenye Windows, ana programu ndogo inayodanganya Windows iamini imelipiwa, na kazi inamalizika kwa muda mfupi. Sheria ya Kongo haijalala: amri ya kisheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na mwaka 2023, mwezi wa tatu, nchi ilipata kanuni nzima ya mambo ya dijitali. Ila kwenye vibanda vya Ndosho sheria hizo hazitajwi sana, na wanaozitaja mara nyingi ni mashabiki wa Linux wanapotafuta silaha ya kumaliza ubishi.

Bei nyingine ya kraki haionekani siku ya kwanza. Programu ya kufungua leseni hutoka kwenye tovuti ambazo hakuna anayejua mwenyewe ni nani, na ili ifanye kazi fundi huzima antivirusi kwanza. Yaani mlinzi anaambiwa aende kulala ili mgeni aingie. Kisha masahihisho huzimwa, kwa kuogopa yasigundue kraki na kwa kuogopa yasile forfe ya intaneti. Mwezi wa tano mwaka 2017 dunia iliona matokeo ya tabia hiyo. Virusi vya WannaCry viliingia katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Sahihisho la kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imelitoa miezi miwili mapema. Walioumia ni wale ambao hawakuliweka.

Ndosho haina haja ya virusi wa kimataifa. Wa mtaani wanatosha. Mwanafunzi anakuja sekretaria na flashi yenye TFC yake, ile kazi ya mwisho ambayo bila hiyo hapati diploma. Anataka kuchapisha kurasa sitini. Flashi imepita kwenye mashini tatu za saiba. Inapofunguliwa, mafaili yamegeuka njia za mkato za kilobaiti moja moja, na kila anayebofya anamkaribisha adui kwenye mashini nyingine. Mwanafunzi anaona miezi ya kazi imeyeyuka. Mara nyingi haijayeyuka. Virusi vya namna hiyo huficha tu mafaili ya asili na kuweka picha bandia mbele yake. Ukiingiza flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta ya Linux, virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kuamka, na mafaili yanaonekana yote. Unayanakili, unafuta takataka, umemaliza.

Ni jambo la kuchekesha kidogo: fundi anayetukana Linux mbele ya watu, wakati mwingine ndiye huyo huyo mwenye flashi ya Linux kwenye droo, ya kuokolea mafaili ya wateja mashini inapokataa kuamka.

Mabishano haya yana historia ndefu, na yalikuwa makali tangu mwanzo. Mwaka 1991, tarehe 25 Agosti, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwenye kikundi cha mazungumzo cha intaneti kwamba anatengeneza sistemu ndogo kwa ajili ya kujifurahisha. Miezi mitano baadaye, tarehe 29 Januari 1992, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, aliyekuwa ameandika sistemu yake ya kufundishia iitwayo Minix, alimjia juu hadharani. Alisema Linux imepitwa na wakati tayari kwa jinsi ilivyojengwa, na kwamba Torvalds ashukuru kutokuwa mwanafunzi wake, kwani asingepata alama nzuri. Kijana alikuwa na miaka 22. Hakunyamaza. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa maneno ambayo kesho yake aliyaombea radhi kwa ukali wake. Mwaka huo huo aliiweka kazi yake chini ya leseni ya GPL, ambayo Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameiandaa: chukua, badilisha, gawa, lakini usimfungie mwenzako.

Nani alishinda? Tangu Novemba 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, zote bila kubakiza. Lakini mwaka huo huo Tanenbaum naye alipata habari ya kushangaza: Minix yake ilikuwa imewekwa kimyakimya na kampuni ya Intel ndani ya chipu za kompyuta za miaka ya karibuni. Kwa hiyo kuna mashini za okazioni kwenye meza za Ndosho ambazo juu zina Windows ya kraki na chini, mahali ambapo fundi hawezi kufika, zina kazi ya profesa wa Amsterdam.

Upande wa Windows nao una historia yake kuhusu wizi. Februari 1976, Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliandika barua ya wazi kuwalaumu wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1998, tajiri huyo huyo aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu cha Washington kitu tofauti. Akizungumza juu ya China, alisema kwamba ikiwa watu wataiba programu, basi ni afadhali waibe za Microsoft, kwa sababu watazizoea, na siku moja kampuni itajua namna ya kuwalipisha.

Maneno hayo yanaeleza Ndosho kuliko ripoti nyingi. Kijana anayejifunza kwa Windows ya kraki atakuwa mhasibu anayejua Excel peke yake, ataajiriwa na shirika linalonunua leseni halali kwa wafanyakazi wake wote, na shirika litalipa. Kraki ya mtaani ni shule ya bure ya kampuni. Mashabiki wa Linux hulisema hili kwa hasira, na katika hili wana haki.

Ila wanakosea wanapofikiri mteja ni mjinga.

Chukua mhasibu. Tangu mwaka 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, na hesabu za makampuni zinafuata mpango wake. Wahasibu wengi wa nchi zinazotumia Kifaransa wanafanya hesabu hizo kwa programu ya Sage, na Sage hiyo hukaa kwenye Windows. Tangazo la kazi linaposema mwombaji awe anajua Sage na Excel, hakuna hotuba ya uhuru itakayoingia kwenye barua ya maombi. Chukua kijana mwenye studio ndogo ya muziki: FL Studio aliyojifunzia imetengenezwa kwa Windows na Mac. Chukua mwenye sekretaria. Anafungua TFC iliyoandikwa kwa Word ndani ya LibreOffice, meza zinahama, namba za kurasa zinaruka, mwanafunzi analia kwamba profesa atamrudisha. Kuna dawa za sehemu ya ugonjwa huo. Herufi za Liberation Serif zimepimwa upana sawasawa na Times New Roman, na zikitumika mistari haihami. Lakini asubuhi yenye watu wanane kwenye mstari si wakati wa kueleza herufi.

Halafu kuna intaneti, na hapa hoja ya watu wa Windows ina nguvu kuliko wao wenyewe wanavyoijenga. Linux imetengenezwa na watu wenye intaneti kwa ajili ya watu wenye intaneti. Unataka programu, sistemu inaishusha kutoka mbali pamoja na vipande vingine kumi inavyovitegemea. Mahali ambapo mega hununuliwa kwa siku, mpango huo ni mzigo. Programu ya Windows hubebwa kwenye flashi kama andazi: faili moja, unabofya, imeingia. Mbaya zaidi, kuna kompyuta za okazioni ambazo kadi yake ya wifi haiamki ndani ya Linux mpaka ushushe kiendeshi chake, na kiendeshi kinashushwa kwa intaneti, ambayo ni hiyo wifi isiyoamka. Fundi aliyekutana na hali hiyo mara moja, mteja akimsimamia kichwani, hasahau. Printa za leza za Canon, ambazo sekretaria nyingi huzipenda, zina sifa mbaya ndani ya Linux. Za HP kwa kawaida zinakubali bila maneno.

Mafundi wanaoipenda Linux wamejifunza kuzunguka shida hizi. Mmoja anashusha Linux Mint, karibu giga tatu, usiku wakati intaneti ni nafuu au akiwa mahali penye wifi. Kisha inapita mkono kwa mkono, mashini ishirini, bila mtu kuvunja sheria. Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clément Lefebvre anayeishi Ireland, inapendwa kwa sababu sura yake inafanana na Windows za zamani. Toleo lake jepesi linaanza kufanya kazi kwenye mashini yenye giga 2 tu za memori.

Na memori ndiyo habari kubwa ya mwaka huu. Windows 11 inataka giga 4 za memori, giga 64 za diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha nane kuendelea. Latitude na EliteBook za kizazi cha nne au cha sita zinazofika Goma kama okazioni, mashini ngumu ambazo ofisi za ng'ambo zilizitupa, haziko kwenye orodha. Mafundi wana njia ya kuruka ukaguzi huo, na Windows 11 inaingia. Microsoft imeonya kwamba mashini ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masahihisho. Kampuni imetoa pia mwaka mmoja wa nyongeza kwa Windows 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila pesa kwa mwenye akaunti ya Microsoft anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye mashini za kampuni.

Jambo moja linalofaa kujulikana zaidi mtaani: kompyuta nyingi za kampuni zilizotoka kiwandani na Windows 8 au Windows 10 zina ufunguo halali wa leseni ndani ya ubao wake wenyewe. Mwenye kwanza alishalipa. Ukiweka Windows safi ya aina ile ile, inajitambua yenyewe mara ya kwanza inapoona intaneti. Kwa hiyo kuna watu Ndosho waliokuwa na Windows halali bila kujua, wakamlipa fundi aifute na kuwawekea ya wizi.

Wakati ubishi unaendelea, wabishi wote wawili wameshika Linux mkononi. Tecno, Itel, Infinix, Samsung, simu zote za Android zina kiini cha Linux ndani yake. Mwenye kuandika kwenye kundi kwamba Linux haifai kitu anaandika kupitia Linux. Lakini mshabiki wa uhuru asifurahi haraka. Juu ya kiini hicho Google imejenga duka lake, ramani yake na akaunti zake, na hivyo havina uwazi wowote. Android inaonyesha kwamba kitu kinaweza kuanza huru na kumfikia mtumiaji kikiwa kimefungwa tena.

Goma yenyewe imeshawahi kuona programu huria zikifanya kazi ambayo leseni ingeichelewesha. Mwishoni mwa Oktoba 2008, wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walipokaribia mji na maelfu ya watu kukimbia, watengenezaji wa programu ya Ushahidi waliamua kuifungulia Kongo ukurasa. Programu hiyo ilizaliwa mwanzoni mwa mwaka huo, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya, ili watu watume kwa simu habari za mashambulizi na zionekane kwenye ramani. Novemba 2008 ramani ya mashariki mwa Kongo ilikuwa hewani. Mapokezi yake hayakuwa makubwa kama ya Kenya, maana intaneti ya simu wakati ule ilikuwa ya wachache. Lakini hakuna aliyesubiri ruhusa wala bei.

Mifano imeongezeka tangu hapo. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu wa kujitolea walichora barabara na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya huria, ili timu za afya zijue vijiji viko wapi. Takwimu za afya za nchi zinakusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyotoka chuo kikuu cha Oslo, Norway. Na kijana wa Ndosho anayepata kazi ya siku tano ya kuuliza maswali kambini kwa niaba ya ONG, akibofya majibu kwenye tableti, mara nyingi anatumia KoboToolbox, ambayo nayo ni huria. Jina Kobo limetoka katika lugha ya Kiacholi ya Uganda ya kaskazini. Kumbe ONG zile zile zinazodai Excel kwenye tangazo la kazi zinaishi kwa programu zisizo na bei.

Serikali nyingine zimejaribu kwenda mbali zaidi, na matokeo hayampi mtu ushindi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuacha Windows. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliyewahi kuifananisha Linux na kansa, alikatiza likizo yake kwenda kumwona meya. Mji ulihama hata hivyo, kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Ufaransa nayo, jandarmeri ilianza kuingiza Ubuntu mwaka 2008 na mpaka leo iko nayo. Wabishi wa Goma huchagua mfano unaowafaa na kuuficha ule mwingine.

Kuhusu lugha, Waswahili wa pwani walituwahi. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kutokana na mradi wa Kilinux. Iliwezekana kwa sababu kode ilikuwa wazi: hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kutafsiri. Microsoft nayo ilitoa baadaye sura ya Kiswahili kwa programu zake. Mtu wa Ndosho akifungua Kiswahili hicho cha vitabu na kukutana na neno tarakilishi, atacheka kidogo, kisha atarudi kwenye Kifaransa alichozoea shuleni. Kiswahili cha Goma, chenye mashini na mega na sekretaria, hakijapata bado watu wa kukitia ndani ya kompyuta. Kwa Linux mlango uko wazi kwa yeyote anayetaka kuanza. Kwa Windows lazima kampuni iamue.

Siku hizi baadhi ya mafundi wamechoka kubishana. Mteja akileta okazioni yenye diski ya kutosha, wanaigawa mara mbili: upande mmoja Windows kwa ajili ya Sage na Word, upande mwingine Mint kwa ajili ya intaneti na flashi za watu. Wanamwonyesha mama mwenye sekretaria mara moja, mara mbili, namna ya kufungua flashi ya mteja upande wa Linux kwanza, kuisafisha, kisha kuhamia upande wa pili kuchapisha. Inachukua dakika chache zaidi kwa kila mteja mwenye flashi mbaya. Asubuhi anapowasha mashini, kioo cheusi kinamletea mistari miwili ya maandishi, Linux juu, Windows chini, na sekunde kumi za kuchagua. Asipogusa kitu, mashini inajichagulia ya juu.